Shilingi za Lenzi Moja

Zamu yangu ya chama iliangukia Julai,
mwezi ambao hata jua la Nairobi huvaa sweta.
Nikapanda ngazi, Mtaa wa Biashara, ghorofa ya pili,
kwa Hasmukh anayeuza macho ya mitumba.

Akayapanga juu ya kitambaa cheusi,
akayapuliza vumbi, moja moja,
kama mtu anayepoza uji wa mtoto.

"Hii ni pana. Jicho la samaki.
Itameza bwawa zima, na paa, na mlinzi aliyelala.
Hii ya vidogo itakuhesabia kope.
Na hii ya katikati," akainua bega,
"hii ni ya mtu asiyejua anachotaka."

Ninajua ninachotaka. Ndiyo shida.
Jumamosi ni watoto wa shule wakipiga mbizi,
Jumapili kanisa la Kayole hubatiza katika tangi la plastiki,
maji kifuani, mchungaji kasahau kuvua saa.
Yupo bibi harusi wa Ruaka atakaye kuelea na shela lake lote.
Nipo na mimi, nitakaye, siku moja,
kiluwiluwi wa dimbwi la nyuma ya nyumba yetu, Umoja,
akiota mguu wa kwanza.

Na kasha la kuzuia maji lina mdomo mmoja.
Juu, ukikosea, unafungua begi.
Chini, ulichozama nacho ndicho ulicho nacho.

Mtaka yote hukosa yote, husema mama.
Lakini mama huyo huyo
aliuza sukuma, na sindano, na mkaa, na kadi za simu
katika kibanda kimoja kisichotosha kitanda,
na sisi tukasoma.

Hasmukh akaniazima zote tatu hadi saa kumi.
Nikaacha kitambulisho changu, na cha dada yangu.

Bwawa la Kasarani lilikuwa baridi kama barua ya benki.
Mama alikuwa ndani, mara yake ya nne,
miaka sitini na mitatu,
leso nyekundu juu ya vazi la kuogelea,
kang'ang'ania ukingo kama mlango wa deni.
Hatua mbili mbele, Kocha Wafubwa,
mikono wazi, hamwiti.

Nikazama na ile pana.
Vigae vikapinda kama mkeka uliokunjwa vibaya,
mama akawa nukta,
kalamu imeteleza.

Nikazama na ya vidogo.
Vidole vinne juu ya kigae, ngozi imekunjamana,
kiputo kimoja kimekaa penye pete.
Mkono wa nani? Ungeweza kuwa wa yeyote.

Maji ni mwongo mwenye adabu:
husogeza kitu karibu, robo ya umbali,
kisha huanza kuiba wekundu kabla ya rangi nyingine.
Leso ya mama ilishaanza kufikiria kahawia.

Ya katikati niliifunga mwisho, kutimiza wajibu.
Nilikuwa nageuza pete yake, nimepitiliza,
narudi, bado sijapata,
mkono ukaachia.

Ukaachia.
Kiwiko, kidevu kilichokazwa,
mashavu yamejaa pumzi aliyoiweka akiba,
na pembeni, mikono ya Wafubwa, imefika lakini haijagusa.
Yote ndani. Hayajakaa sawa.
Kona ya kushoto imefifia; Hasmukh ataicheka.

Saa kumi kasorobo nilikuwa ngazini, nywele zinachuruzika.
Nikahesabu noti. Mbili zilikuwa zimelowa.
Akaifunga lenzi ya mtu asiyejua anachotaka
kwa gazeti la jana,
akanionyesha kibao: Mali ikiuzwa hairudi.

"Mama naye hakurudi ukingoni," nikamwambia,
lakini alikuwa ameinama, anatafuta chenji.

Kiluwiluwi simpati kwa kioo hiki,
sijidanganyi.
Mvua za Novemba zitajaza dimbwi,
naye ataota mguu
bila ya mtu wa kumtazama.